Tulichobeba Kwenda Festivali Amani



Tangu tuliporudi Goma, kila anayetukuta sokoni au kwenye bomba la maji anatuuliza swali moja: mlibeba nini? Vijana wanauliza nani aliimba na nani alicheza vizuri. Mama akisikia habari ya safari anafikiri mzigo kwanza. Kwa hiyo juma hili tunawaandikia habari ya mizigo yetu: tuliyofunga, iliyotusaidia, iliyotuchosha bure, na tuliyorudi nayo.

Tulikuwa wamama 9 na watoto 14. Mtoto mkubwa ana miaka 17, mdogo ana 6. Tulitoka Bukavu kwa njia ya ziwa, mwanzoni mwa mwezi wa pili mwaka 2022, kwenda kusikiliza muziki kwenye Festivali Amani.

Kwa nini muziki

Wasiojua, tuwaeleze kidogo. Festivali hiyo ilipangwa kwanza kufanyika mwezi wa 8 mwaka 2013. Vita vikakaribia Goma, ikasogezwa mbele. Ikafanyika mwezi wa pili 2014, kwenye uwanja wa Collège Mwanga. Ilichukua siku tatu. Wanamuziki wa Goma, wa pande nyingine za Kongo na wa nchi za nje walipanda jukwaa moja. Miaka ya kwanza tikiti ilikuwa dola moja kwa siku, ili mwanafunzi na muuza makaa nao waweze kuingia. Jina lake linasema lilichoanzishwa kwa ajili yake.

Papa mmoja wa mtaa wetu alituuliza bila kuficha: "Watu wanakimbia vita, ninyi mnakimbilia muziki?" Hatukumkasirikia, maana swali lake hata sisi tulikuwa nalo moyoni. Tukamjibu hivi: watoto hawa wamesafiri mara nyingi. Wamesafiri usiku, wamesafiri kwa miguu, wamesafiri bila kuaga. Safari zao zote zilikuwa za kukimbia. Tunataka wawe na moja watakayoisimulia wakicheka.

Habari ya pesa nayo tulimweleza. Hatukugusa pesa ya masomo wala ya dawa. Tulianza likelemba ya safari mwezi wa 9, kila mama franka 2,000 kwa juma. Kwa majuma 20 kila mmoja akawa na franka 40,000. Aliyekosa juma moja alilipa juma lililofuata kwa kuuza mandazi ya kikundi. Papa alinyamaza, kisha akauliza kama binti yake naye anaweza kwenda. Alikwenda.

Mfuko wa nyuma ya mlango

Kati yetu kulikuwa na Mama Mapasa, ambaye alikuwa anarudi Goma kwa mara ya kwanza tangu volkano. Mnakumbuka: usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipasuka. Moto ulishuka ukasimama pembeni ya mji, upande wa Buhene. Haukupita katikati ya mji mpaka ziwani kama ule wa tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka, nyumba zikapasuka. Tarehe 27 wakuu wa serikali wakaamuru mitaa 10 ya mji ihame. Watu wakatawanyika: Sake, Rutshuru, Rwanda, na wengi wakaja kwetu Bukavu. Njiani watoto wengi walipotezana na wazazi. Mmoja wa mapasa wake alipotea kwenye njia ya Sake siku mbili nzima, akaletwa na mama asiyemjua, ambaye alikuwa amemchanganya na watoto wake sita.

Tangu hapo Mama Mapasa anakaa kwa dada yake. Nyuma ya mlango ameweka mfuko uliofungwa. Miezi minane haukufunguliwa.

Tulipokutana kufunga mizigo, tulikuta hana mfuko mwingine. Ilibidi ufunguliwe ule. Alitoa kimoja kimoja juu ya mkeka: sufuria ndogo, kisu, kiberiti, vikwembe viwili, karatasi za kuzaliwa za watoto ndani ya sasheti, biskuti zilizogeuka unga, na jozi mbili za viatu vya mapasa. Aliwaita wavijaribu. Miguu haikuingia. Akakaa kimya akivishika vile viatu. Sisi pia tulikaa kimya.

Koko wa kikundi chetu ndiye aliyesema: "Mfuko huu usiuvunje, mwanangu. Ufanye upya, uurudishe nyuma ya mlango. Huku kwetu bado unahitajika. Lakini wa kwenda kucheza ni mwingine, tuushone leo." Tukashona wa pili kwa kitenge cha zamani, wa rangi ya machungwa, wenye mikono mirefu ya kuvaa begani. Wa kukimbia tukauwekea viatu vikubwa na biskuti mpya.

Tangu siku ile tuliona kwamba mama wa huku anajua kufunga mzigo kwa dakika tano. Kufunga polepole, ukifikiri mtoto atapenda kuvaa nini akicheza, ndiko tulikokuwa hatujui. Ilibidi tujifunze.

Mzigo wa ziwani

Tulichagua meli ya usiku, iendayo polepole na kufika Goma asubuhi, kwa sababu ina bei nafuu kuliko mashua za mwendo wa haraka. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460, na usiku upepo wake unaingia mpaka mifupani. Kila mtoto awe na triko na soksi. Kikwembe kizito cha kujifunika kinashinda blanketi: ni chepesi, na kikilowa kinakauka upesi.

Beba tangawizi mbichi ya kutafuna kwa wanaotapika, na sasheti mbili tatu za wale ambao tangawizi haitawasaidia. Chakula kiwe kikavu: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi za kuiva, sambaza zilizokaangwa mpaka zikakauka. Bugali na sombe vilivyobaki mchana uviache nyumbani. Kufika saa nane za usiku vimeharibika, na tumbo la mtoto melini halina mahali pa kujificha.

Jambo la jile za kuelea tunawaomba mlisome mara mbili. Mwezi wa 4 mwaka 2019 mashua ilizama upande wa Kalehe na watu wengi hawakuonekana tena. Rais Tshisekedi alifika Kalehe akasema kila msafiri wa ziwa lazima avae jile. Mama, usiulize tu kama jile zipo. Uliza za watoto. Jile ya mtu mkubwa inamtoka mtoto kichwani akianguka majini. Na mtoto aliyefungwa mgongoni chini ya jile yako hana msaada. Avae yake, umshike mbele.

Meli ya kwanza tuliyoiendea ilikuwa na za wakubwa tu. Walituambia, "Wamama, pandeni, ziwa ni tulivu leo." Tikiti hatujalipa bado. Tukarudisha mizigo yetu nyumbani, watoto wengine wakilia, tukasafiri kesho yake na meli nyingine iliyokuwa na jile ndogo. Ndiyo maana tunawashauri: panga kufika siku mbili kabla ya muziki kuanza. Mwenye haraka hupanda chochote.

Asubuhi tuliamka kisiwa cha Idjwi kikiwa nyuma yetu, na mbele moshi wa Nyiragongo juu ya mawingu. Watoto wa Bukavu walikimbilia ukingoni kuutazama. Mapasa hawakukimbia. Walimshika mama yao, mmoja kila mkono.

Mzigo wa mjini

Goma umejengwa juu ya mawe ya moto. Mawe hayo ni meusi na yana makali, utayakuta kwenye kuta za nyumba, kwenye nyua, na kwenye njia za mitaa. Viatu vya kidole vinakatika siku ya kwanza. Mtoto awe na viatu vya kufungwa, hata vikiwa vya zamani. Vumbi nalo ni jeusi: beba kitambaa cha kichwa kwa kila msichana na mwanamke, na nguo za rangi nzito. Nguo nyeupe ya kanisani ni kwa Jumapili tu. Barakoa zile za Korona, zinazoitwa kashinee, zilitusaidia mara mbili: kwa ugonjwa na kwa vumbi.

Mizigo yetu ilibebwa na chukudu mbili kutoka bandarini. Kijana wa chukudu akikupangia mzigo, mwache apange yeye; anajua uzito ukae wapi. Patana bei kabla ya kupakia.

Maji ni jambo kubwa. Mitaa mingi ya Goma watu wanachota ziwani kwa bidoni, na kolera inajulikana huko kama inavyojulikana kwetu. Tulibeba vidonge vya kusafisha maji, sabuni ya kipande kwa kila familia, na sukari na chumvi zilizopimwa tayari. Andikeni kipimo hiki ukutani: maji safi litre moja, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Mtoto akianza kuharisha, mpe kidogo kidogo huku mnakwenda kwenye kituo cha afya. Hatukukitumia. Kurudi nacho nyumbani ni furaha.

Karatasi: kadi yako ya mpiga kura, maana kwetu ndiyo kitambulisho, karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, na kwa mtoto asiye wako, barua iliyosainiwa na mzazi wake yenye namba ya simu. Pesa zigawe mahali patatu: kidogo mfukoni, kidogo kwenye pindo la kikwembe, nyingine kwa mama mwenzako mnayeaminiana. Beba noti za franka 500 na 1,000. Dola iliyochanika hata kidogo hakuna atakayeipokea, na utabaki na pesa mkononi na njaa tumboni.

Tulilala kwa ndugu na marafiki, familia tatu tatu. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Tulipeleka mananasi, mchele kidogo na sabuni. Mchele na sabuni vilipokelewa kwa furaha kuliko mananasi, kwa sababu mgeni ni kinywa cha kulisha na nguo za kufua.

Mzigo wa uwanjani

Uwanjani usiende na mfuko mkubwa. Wanapekua mlangoni, na wanafanya vema. Chupa za kioo na visu viache. Sisi tulikuwa na mfuko mmoja mdogo kwa watu wanne: maji, karanga, kitambaa cha kujifutia, simu yenye unite, na vikwembe viwili.

Kikwembe kimoja kinafanya kazi kuliko mizigo mingine yote. Tulikikalia. Tulifunika watoto mvua ilipoanguka Jumamosi. Kilibeba mtoto aliyesinzia. Kilizungushwa kuwa ukuta msichana alipohitaji kubadili. Na juu ya hilo: mabinti wabebe vitambaa vyao vya mwezi hata kama siku zao bado. Zinaweza kuja mapema, na binti asikose siku ya furaha kwa ajili ya aibu ambayo mama yake angeweza kuizuia kwa kitambaa.

Kila mtoto alishonewa namba mbili za simu ndani ya upindo wa nguo, kwa uzi mwekundu. Wazo hilo lilikuwa la Mama Mapasa. Alisema, "Siku ile ya Sake mtoto wangu alijua jina langu: Mama. Wangemtafutaje Mama?" Tulishona nguo zote 14 kwa jioni mbili. Karatasi mfukoni inaanguka, kalamu mkononi inafutika kwa jasho, uzi unabaki.

Jumamosi jioni, watu walipokuwa wengi sana, simu ya mmoja wetu ililia. Kijana, mmoja wa wale wanaojitolea kusaidia, akasema: "Mama, niko na mtoto hapa karibu na mlango. Ametuonyesha nguo yake ndani." Alikuwa yule wa miaka 6. Hatukuwa tumejua bado kwamba hayupo; tulidhani yuko na dada yake, dada akidhani yuko nasi. Dakika kumi tukawa naye. Tangu saa ile tuliwahesabu watoto kila wimbo ulipokwisha.

Kuna mzigo mwingine hauingii mfukoni. Kabla ya kuondoka tulikaa na vijana wetu, wasichana na wavulana pamoja. Tukawaambia: hakuna kutembea peke yako, hata kwenda choo, wawili wawili. Kinywaji ulichokiacha usikirudie. Mtu akikushika usivyotaka, piga kelele. Hatutakuuliza ulivaa nini. Na wavulana: msichana akisema hapana, muziki haujabadili maana ya neno hilo. Walicheka, wakatazama chini, lakini walisikia. Jumapili binti mmoja alitumia maneno hayo kwa sauti kubwa, na wavulana wetu watatu walikuwa wamesimama kando yake kabla hatujainuka.

Siku ya tatu

Ijumaa Mama Mapasa alisimama karibu na mlango wa kutokea, viatu vimefungwa, mfuko wa machungwa begani. Jumamosi vilevile. Ngoma zilipopigwa kwa nguvu alitazama chini, kwenye ardhi, kama anayesubiri itikisike. Hatukumwambia "kaa, usiogope". Tulisimama naye kwa zamu, mama mmoja kila saa.

Jumapili asubuhi aliomba tumsindikize kwenye nyumba yake. Ukuta mmoja una ufa unaoweza kuingiza mkono. Lakini uani, jirani aliyerudi mapema alikuwa amepanda lengalenga mahali pa bustani yake, akamwambia, "Sikutaka ardhi yako ilale." Akamkatia fungu, akampa na mbegu ndani ya kipande cha gazeti.

Mchana ule, uwanjani, alitandika kikwembe akakaa. Mapasa wakaomba kwenda mbele karibu na jukwaa. Alitazama upindo wa nguo zao, akavuta uzi kuona kama umeshika, akawaacha wakaenda na kaka zao wakubwa. Aliimba maneno aliyoyajua. Hakucheza. Hatudai kwamba hofu yake imekwisha. Usiku huo alilala na viatu kando ya mkeka kama kawaida.

Tulichorudi nacho

Acha nafasi katika mfuko wa kurudi. Goma tulinunua viazi, maharagwe na jibini ya Masisi, na faida ya kuviuza Bukavu ililipa sehemu ya safari. Tulirudi na matope meusi katika nguo zote, na watoto wasio na sauti kwa kuimba.

Vilivyotuchosha bure ni hivi: chuma cha kupigia nguo pasi, viatu vya kisigino, sufuria tatu wakati wenyeji wetu walikuwa na zao, na kitabu cha masomo ambacho mama mmoja alikibeba ili mwanawe asome. Hakikufunguliwa.

Sasa tunawaomba mambo mawili. La kwanza: Jumatano ijayo, kwenye mkutano, kila mama alete mfuko wake wa nyuma ya mlango. Tutaufungua pamoja. Viatu vya watoto vijaribiwe, biskuti zibadilishwe, karatasi ziwekwe ndani ya sasheti mpya. Asiye na mfuko, vitenge vya kushonea vipo. Uzi mwekundu nao upo, mje na nguo za watoto.

La pili: likelemba ya safari inaanza tena juma hilohilo, franka 2,000. Mapasa wameshatuuliza tarehe.